Kula Zabibu, Lakini Vidonge Vyako Usiviache

Wiki iliyopita niliweka picha ya bakuli langu la zabibu kwenye status, na kabla ya jioni meseji zikawa zimejaa. Moja ilitoka kwa mdogo wangu mmoja wa Mafinga: "Shikamoo dada. Mama ana kisukari, kuna mtu kamwambia zabibu zinasafisha damu na kushusha sukari. Nimnunulie au nimkataze?"

Mnunulie, mdogo wangu. Ale kidogo, azitafune zenyewe na si juisi yake, na ziwe badala ya kitu kingine kitamu. Vidonge aendelee navyo kama alivyoandikiwa. Ungekuwa umeuliza mtu mwingine angeishia hapo, ila mimi swali hili limenigusa penye kidonda.

Sisi wa Iringa zabibu hatukukua nazo. Tumekua na mapera, masuku na mafyulisi. Zabibu ilikuwa ile kavu ya kwenye pilau la sikukuu, ukiipata mbili kwenye sahani unajiona umependelewa. Siku hizi msimu wa Dodoma ukifika (wenzetu wanavuna mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili na wa tatu, halafu wa nane na wa tisa) zinashuka kwa njia ya Mtera hadi huku, na bei inakuwa ya kibinadamu. Zile za kutoka Afrika Kusini, za kwenye vikasha vya plastiki, nawaachia wenye nazo.

Mimi nilianza kuzila kwa sababu ya soda. Nina duka, nakaa kutwa, na soda ilikuwa chai yangu, maji yangu na faraja yangu. Nikapimwa sukari asubuhi kabla ya kula, ikasoma 6.4. Nesi akaniambia, "Mama, hii bado si kisukari, ila inapiga hodi." Nikaacha soda siku ile ile. Mkono ukitafuta kitu kitamu mchana, naupa zabibu. Jumamosi napanda Gangilonga, lile jiwe kubwa la hapa Iringa, na wenzangu. Miezi ya katikati siisimulii, ilikuwa ugali kidogo na mboga nyingi, hamna utamu wowote humo. Mwezi huu nimepima tena: 5.3. Ndiyo, najisifu! Waliokuwa wakinicheka nikibeba kikopo changu cha zabibu sasa wananiuliza siri.

Siri yenyewe ni hii. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 na ushee. Zabibu gramu 100 zina gramu 15 au 16, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji, gramu kama 80. Ukishika kiganja cha zabibu, punje 15 hivi, umekula sukari chini ya nusu ya ile soda, na umetafuna, umekawia, umeshiba kidogo. Kilichoniokoa ni soda niliyoiacha. Zabibu ilinishikia nafasi tu.

Hii haina maana kwamba zabibu haina lake. Kwenye ganda, hasa la zile nyekundu na nyeusi, mna kemikali ambazo watafiti wanazifuatilia kwa ajili ya moyo na mishipa. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilitoa utafiti uliofuata wahudumu wa afya zaidi ya 180,000 wa Marekani kwa miaka mingi: waliokula zaidi matunda kama zabibu na tufaha walipata kisukari cha ukubwani kwa kiasi kidogo zaidi, na waliokunywa zaidi juisi za matunda walikipata zaidi. Someni vizuri hapo. Wanaongelea watu ambao bado hawajaugua. Hakuna aliyeandika kwamba zabibu inatibu kisukari.

Lakini kuna kijana mmoja aliyewaaminisha ndugu zangu kwamba inatibu. Aliingizwa kwenye grupu la ukoo na binamu yangu, akaja na makopo ya vidonge vya mbegu za zabibu na picha za watu wanaocheka. Shangazi yangu ana kisukari cha muda mrefu. Ukapigwa mchango wa kumnunulia dozi. Mimi nikasema sitoi, hela hiyo tumlipie nauli ya kliniki. Niliitwa mchoyo, kwenye grupu, mbele ya wakwe. Mmoja akaandika, "Mwenye duka anaogopa kutoa elfu ishirini kwa damu yake." Hiyo sijaisahau na sidhani kama nitaisahau.

Shangazi akaweka vidonge vya hospitali kabatini, akameza vya kwenye kopo. Haukupita muda akaingia wodini, sukari iko juu, kichwa hakijui leo ni siku gani. Aliyekwenda kulala naye pale chini kwenye mkeka ni mchoyo. Ametoka, yuko vizuri, kliniki haikosi sasa. Msamaha grupuni? Bado naungoja.

Kwa hiyo wapendwa, acheni kugeuza kila tunda kuwa dawa. Tunda ni chakula! Na kama mfuko hauruhusu zabibu, pera lililodondoka nyuma ya nyumba linazipita mbali: gramu 100 za mapera zina vitamini C ya miligramu 200 na zaidi, zabibu hazifiki hata 5. Nyuzinyuzi nazo, pera lina gramu 5, zabibu haina hata moja kamili. Tunadharau mapera kwa sababu ni ya bure.

Ukinunua, angalia chini ya mfuko, ndiko wanakoficha zilizopasuka. Ukisikia harufu kama ya pombe, rudisha. Ule unga mweupe kwenye ganda wengi wanaudhania dawa ya shambani. Ni nta ya tunda lenyewe, ila osha hata hivyo, kwa maji yanayotiririka, kwa sababu mizabibu hupuliziwa kweli. Mtoto wa chini ya miaka mitano mkatie kila punje vipande vinne kwa urefu, nzima inaziba koo. Zabibu kavu ni tamu mno, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, kwa hiyo mwenye kisukari azionje tu. Na juisi nimeshasema. Tafuna.

Yule kijana bado yuko kwenye grupu. Juzi kaleta kitu kipya, unga wa mbegu za parachichi wa kutibu presha, na binamu yangu ameshauliza bei.