Fleti ya siku kumi Nairobi: masufuria, swala na wageni wasiojulikana

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Sisi ni watu wa Mombasa. Mume wangu ana matibabu Nairobi, kwa hivyo tumekodi fleti Kilimani kwa siku kumi, ya watu wawili. Jikoni tumekuta masufuria yaliyopikiwa na wageni wa kila aina, na kwenye friji mna bia. Je, tunaweza kuyapikia? Swala tufupishe? Na watu husema fleti hizi hufanyiwa mengi machafu, swala inasihi humo? Wifi zangu wawili pia wamekuja kumuuguza kaka yao, wanalala sebuleni. Mwenye nyumba hatujamwambia, maana angetuongeza pesa.

JIBU: Wa alaykumu ssalaam dada yangu. Mwenyezi Mungu amponye mumeo.

Asili ya vyombo ni twahara, na yakini haiondolewi na shaka. Huna haja ya kuuliza sufuria lilipikiwa nini mwezi uliopita. Sahaba Abu Thaalaba Al-Khushaniy alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kula katika vyombo vya Ahlul Kitabu, yaani Mayahudi na Wakristo, akaambiwa asivitumie ila akikosa vingine, na akivikosa avioshe kisha ale. Basi osheni vizuri, mpike. Mkiwa na hakika kwamba sufuria fulani lilipikiwa nguruwe, katika madhehebu yetu ya Shafi huoshwa mara saba, moja kwa udongo, ingawa Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu hayo, mwenyewe aliona kwamba kwa upande wa dalili mara moja yatosha. Mimi ningeliweka kando tu nikanunua jingine dogo. Kibao cha mbao cha kukatia nyama nacho kiacheni.

Bia msiinywe wala msiimwage. Kama ni ya mtu asiye Mwislamu, si yenu kuiharibu. Mwambieni msimamizi wa nyumba aje aiondoe.

Dhambi za waliotangulia hazikai ukutani zikawasubiri. Mtume (s.a.w.) amesema ardhi amefanyiwa kuwa pahala pa kusalia na kitu cha kujitwaharishia. Tandika msala wako, elekea kaskazini ukipinda kidogo tu mashariki, usali.

Kuhusu kufupisha, yaani kusali mbili zile swala za rakaa nne: njiani mlikuwa wasafiri, kwani Mombasa na Nairobi ni mbali kupita kiasi kinachotakiwa. Lakini kwa Shafi, anayenuia kukaa siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, hutimiza swala tangu anapofika. Nyinyi mmenuia kumi, kwa hivyo salini rakaa nne. Ingekuwa mnangojea majibu ya hospitali, kila siku mkitaraji kuondoka kesho, mngeweza kufupisha hadi siku 18. Na mumeo akilemewa na maradhi, anaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, kwa kauli ambayo Nawawi ameikubali.

Sasa lile ulilolitaja mwisho, kama jambo dogo. Mimi naliona ndilo zito kuliko masufuria yote. Kukodi ni mkataba, na Qur'ani katika Suratul Maida aya ya 1 inasema: "Enyi mlioamini! Timizeni ahadi." Mlikubaliana watu wawili, mkalipa bei ya watu wawili. Maji ya Nairobi mara nyingi hununuliwa kwa boza, umeme hulipiwa, na mwenye nyumba aliyapigia hesabu hayo yote alipotaja bei. Najua kwetu pwani mgeni haulizwi amekuja kwa ruhusa ya nani, na kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya nduguye. Ila ukarimu hufanywa kwa mali yako, hapa unakirimu kwa mali ya mwingine naye hajui. Na kwamba mmenyamaza kwa sababu ya pesa, hilo linaonyesha mlijua hangeridhia bure. Awe Mwislamu au Mkristo, haki yake ni ile ile, na toba yenu kwa kosa hili haitimii kwa istighfari peke yake, mpaka alipwe au asamehe.

Mpigieni leo, mmweleze kuna mgonjwa na dada zake wamekuja. Huenda akawaachia. Akitaka nyongeza, mlipeni, pamoja na ya siku ambazo wameshalala. Akikataa kabisa, wifi zako walale kwa jamaa, Eastleigh au South C, na mchana waje wakae na kaka yao.