Maua ya sendofu kipupwe hiki

SWALI: Dada, sendofu ya mdogo wangu ni Julai hapa Dar, nataka maua fresh ya mezani yenye hadhi, nichukue yapi?

JIBU: Hongereni sana! Chukua mawaridi ya Arusha, yale mekundu yaliyokolea, uchanganye na krisanthemamu nyeupe maana hizo zinadumu hata wiki mbili kwenye vesi, na Dar hata kipupwe ua linasikia joto. Ukinunua bonyeza waridi pale chini ya petali, likiwa gumu ni bichi, likibonyea achana nalo limelala dukani. Kata shina mshazari, toa majani yatakayozama, maji badilisha, na jamani vesi isikae karibu na ndizi mbivu, gesi yake inanyausha maua haraka. Asumini muwekee bi harusi kichwani.