Kompyuta Kuukuu, Prosesa Mpya: Fundi Anajibu

Barua nyingi mlizoniandikia safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kompyuta ya mezani imezeeka, nibadilishe prosesa (ile chipu inayofanya kazi za hesabu za kompyuta) au niiache ilivyo? Nimezijibu hapa moja baada ya nyingine. Nyingine zimepata maelezo marefu kwa sababu ndani yake kuna mitego inayokula pesa za watu kila siku.

Shikamoo fundi. Kompyuta yangu ina Core i3-2100, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4 na hadi diski (hard disk) ya kawaida. Kuwaka tu ni dakika tano, na nikifungua kivinjari kila kitu kinaganda. Nimepata i7 iliyotumika inayoingia kwenye soketi yake, pale prosesa inapokaa kwenye bodi mama. Niichukue?

Marahaba. Usiichukue kwanza. Leo usiku fungua Task Manager, nenda sehemu inayoonyesha grafu, halafu fungua vitu unavyovitumia kila siku huku ukitazama grafu tatu: ya prosesa, ya kumbukumbu na ya diski. Kwa dalili ulizotaja, ninatarajia uone diski imegota asilimia 100 na prosesa iko 20 au 30 tu. Maana yake prosesa yako haijalemewa. Imekaa inasubiri.

Sababu ni hii. Ndani ya hadi diski kuna sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosogea kutafuta data. Kila ombi linahitaji kichwa kifike mahali pake na sahani izunguke hadi data ipite chini yake. Hiyo ni kama milisekunde 12, kwa hiyo diski inamudu maombi 80 hivi kwa sekunde moja. Windows ikiwaka huomba maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika kila pembe ya diski. Piga hesabu mwenyewe uone zile dakika tano zimetoka wapi. SSD, diski ya chipu tupu, haina kitu kinachozunguka, nayo hujibu ombi kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. Ukiweka i7 na kuiacha diski ileile, i7 nayo itaisubiri diski hiyohiyo.

Halafu RAM. GB 4 zikijaa, Windows huanza kuhamishia data diskini ili ipate nafasi, kwa hiyo ule ufinyu wa kumbukumbu unaenda kuitwisha mzigo diski ambayo tayari imezidiwa. Ndiyo maana kivinjari kinaigandisha mashine nzima. Fikisha GB 8 na uweke SSD.

Kama bodi mama yako, ile bodi kubwa inayobeba vipande vyote, ni ya chipseti (chipu inayoongoza mawasiliano ya bodi) ya H61, kama zilivyo nyingi za rika hilo, njia zake za SATA, zinazounganisha diski, ni za gigabiti 3 kwa sekunde. SSD iliyoandikwa MB 500 kwa sekunde haitafika huko. Itaishia chini ya 300. Hilo lisikukatishe tamaa, kwani nafuu unayoitafuta iko kwenye yale maombi madogo, na hayo hayafiki hata karibu na kikomo hicho.

Ukishamaliza hayo, pima tena. Prosesa ikionekana inagonga 100 mara kwa mara, hapo i7 ina hoja: i3-2100 ina viini 2 (sehemu zinazofanya kazi ndani ya prosesa) na nyuzi 4 (kazi inazoweza kuendesha kwa pamoja), wakati i7-2600 ina viini 4 na nyuzi 8. Lakini i3 yako ni ya wati 65 na i7-2600 ni ya wati 95, kwa hiyo kipoza kidogo ulichonacho kinaweza kisitoshe. Na kama uliyopata ni i7-3770, bodi ya mwaka 2011 itahitaji BIOS mpya (programu iliyomo kwenye bodi inayoiwasha kompyuta) kabla ya kuitambua.

Prosesa yangu ya zamani ina GHz 3.6, mpya ninayoitaka ina GHz 3.5. Si nitakuwa nimerudi nyuma?

Hapana. GHz hukuambia mapigo ni mangapi kwa sekunde, haikuambii kazi kiasi gani inafanyika ndani ya pigo moja. Pentium 4 ilifika GHz 3.8 mwaka 2004. Mwaka 2006 ikaja Core 2 Duo E6600 yenye GHz 2.4 tu, ikaiacha mbali. Linganisha GHz kati ya prosesa za kizazi kimoja pekee. Za vizazi tofauti zilinganishe kwa vipimo vya kazi unayoifanya wewe.

Fundi, nina i5-6500 kwenye bodi ya H110. Soketi ni LGA 1151. Na i7-8700 pia ni LGA 1151. Muuzaji ananiambia itaingia bila shida. Ni kweli?

Itaingia, ila kompyuta haitawaka. Huu ni mtego ninaouchukia, kwa sababu unampata mtu makini aliyechukua taabu ya kusoma namba ya soketi kabla ya kununua.

Intel, mtengenezaji wa prosesa hizi, ilitumia umbo la LGA 1151 kwa kizazi cha 6 mwaka 2015 na kizazi cha 7 baadaye, kwenye bodi za mfululizo wa 100 na 200. Oktoba 2017 ilipotoa kizazi cha 8, ililiacha umbo lilelile na jina lilelile, lakini ikabadilisha mpangilio wa baadhi ya miguso ya umeme na kutaka bodi za mfululizo wa 300. H110 ni ya mfululizo wa 100. Wapo wanaobandika baadhi ya miguso na kuchezea BIOS ili prosesa hizi ziwake kwenye bodi za zamani, na ninauheshimu ustadi wao, ila kwa kompyuta unayoitegemea kwa kazi sikushauri hata kidogo.

Soketi ni swali la kwanza tu. La pili ni chipseti, la tatu ni toleo la BIOS. Ingia ukurasa wa bodi yako kwenye tovuti ya aliyeitengeneza, utafute orodha ya prosesa zinazokubalika. Mbele ya kila prosesa imeandikwa toleo la BIOS ambalo ilianza kukubaliwa. Prosesa isiyokuwemo kwenye orodha hiyo, ichukulie kuwa haipo.

Kwako wewe kilele ni i7-7700, viini 4 na nyuzi 8 dhidi ya viini 4 na nyuzi 4 ulizonazo. Ni hatua inayoonekana kwa anayefungua mambo mengi kwa pamoja. Lakini i7-7700 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazotakiwa na Windows 11, inayoanzia kizazi cha 8 kwa Intel. Mimi ningeipita, nikaweka pesa hiyo akiba ya bodi na prosesa za kizazi kipya.

Mimi nina Ryzen 5 1600 kwenye bodi ya B350. Nimesikia naweza kuweka ya mfululizo wa 5000. Nahitaji bodi mpya?

Umebahatika, dada. AM4, soketi ya bodi yako, imeishi maisha marefu kuliko nyingi nilizozishika: ilipokea Ryzen za kwanza mwaka 2017, na hadi mwaka 2022 AMD, mtengenezaji wa Ryzen, ilikuwa bado inatoa prosesa mpya za kuingia humo. Mwaka huohuo bodi za B350 na X370 nazo zikaanza kupata BIOS za kukubali mfululizo wa 5000. Hakikisha bodi yako wewe imetolewa BIOS hiyo, maana si kila mtengenezaji aliitoa kwa kila bodi.

Ryzen 5 5600 ina viini 6 na nyuzi 12 sawa na yako, na ni ya wati 65 kama yako, lakini kila kiini kina nguvu zaidi kwa mbali. RAM yako ya DDR4 inabaki palepale. Na wakati 1600 haimo kwenye orodha ya Windows 11, 5600 imo. Kwa mtu mwenye bodi nzima na salama, sijui badiliko la prosesa lenye thamani kuliko hili.

Utaratibu wake uufuate hivi hivi. Weka BIOS mpya wakati prosesa ya zamani bado iko ndani. Bila hivyo mpya haitawaka, na baadhi ya BIOS hizi zikishaingia huacha kuzitambua prosesa za zamani kwa sababu chipu inayohifadhi BIOS haina nafasi ya kuzibeba zote. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hili bodi inaweza kufa, kwa hiyo chagua saa ya utulivu. Kama umewasha BitLocker, kinga ya Windows inayoifunga diski kwa ufunguo, nakili ufunguo wake wa kuokolea uuweke nje ya kompyuta hiyo. Ukibadilisha prosesa, sehemu ya usalama iliyomo ndani yake inabadilika pia, na Windows itakuomba ufunguo huo.

Kisha kipoza. Prosesa za AM4 zina pini chini yake, na pesti ya kupitishia joto ikikauka hushika kama gundi. Niliwahi kuvuta kipoza juu kwa nguvu nikainuka nacho pamoja na prosesa, pini kadhaa zimelala. Nilizinyoosha kwa wembe na lenzi karibu saa mbili, mikono ikinitetemeka, na haikuwa mashine yangu. Tangu siku hiyo nafanyisha kompyuta kazi nzito dakika kumi ili pesti ilainike, ninazima, ninachomoa waya, halafu ninakizungusha kipoza taratibu kushoto na kulia hadi kiachie chenyewe. Nawe fanya hivyo.

Nahariri video. Nikitoka viini 4 kwenda 8, kazi itakwisha kwa nusu ya muda?

Mara chache. Mwaka 1967 mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl alieleza kwa nini: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka kikomo. Tuseme robo ya kazi yako lazima iende hatua kwa hatua, na robo tatu zinagawanyika. Kwa viini 4 utaimaliza mara 2.3 haraka kuliko kwa kiini kimoja. Kwa viini 8, mara 2.9. Hata ukipewa viini visivyo na idadi, hutavuka mara 4. Hatua ya mwisho ya kutoa video hugawanyika vizuri, kwa hiyo huko utafurahi. Kuvuta klipu huku na huku na kukata hutegemea zaidi nguvu ya kiini kimoja, pamoja na diski.

Michezo inakwama. Nitajuaje tatizo ni prosesa au kadi ya michoro?

Shusha ukubwa wa picha hadi wa chini kabisa, ucheze palepale panapokwama. Picha zikiongezeka sana kwa sekunde, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa, na prosesa mpya isingekusaidia. Zikibaki vilevile, mtuhumiwa ni prosesa.

Nina i7-4790 na RAM ya GB 16, inanitosha kabisa. Lakini Windows 10 imefika mwisho. Prosesa gani nitie ili nipate Windows 11?

Hakuna. 4790 iko karibu na kilele cha soketi yake, LGA 1150, na hakuna kitu cha kizazi cha 8 kinachoingia humo. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na watu binafsi wanaweza kujiandikisha kupata marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Wapo wanaoilazimisha Windows 11 kwenye mashine kama hii, nayo inawaka, ila nje ya masharti ya Microsoft, na sipendi kumjengea mtu nyumba kwenye kiwanja chenye mgogoro.

Kama kazi zako ni kivinjari, barua na nyaraka, jaribu Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kutoka kwenye flashi kabla ya kufuta chochote. Kwa prosesa yenye viini 4 na nyuzi 8 utaishi nayo miaka mingine. Inaniuma kuona mashine nzima kama hiyo ikitupwa kwa sababu ya tarehe.

Kununua prosesa iliyotumika ni hatari?

Kuliko bodi mama iliyotumika, hapana. Prosesa hufa kwa nadra. Kagua pini, iwashe mbele ya muuzaji, na usome jina lake kwenye programu ya CPU-Z, usiliamini lililochorwa juu ya bati. Ikiwa imeandikwa Intel Confidential, ni sampuli ya majaribio; iache.

Kompyuta yangu inaenda vizuri dakika kumi za kwanza, kisha inakuwa nzito ghafla. Prosesa imechoka?

Prosesa haichoki namna hiyo. Inapata joto. Ikikaribia nyuzi 100 za sentigredi, zilizo nyingi hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Fungua kasha, toa vumbi kwenye kipoza huku umeishika feni isizunguke, futa pesti ya zamani na upake mpya, kiasi cha punje ya njegere. Kisha ipe kazi nzito nusu saa na usome joto. Likibaki chini ya nyuzi 80, huna haja ya prosesa nyingine.