Maharage yanachemka saa tatu na bado yana kiini: kosa liko wapi?

Swali: Habari mtaalamu. Maharage ya mama yalikuwa laini, yana rojo zito, unakula mpaka unafuta sahani. Yangu naloweka usiku kucha, nachemsha saa tatu nzima, ganda linapasuka lakini ukitafuna unakutana na kiini kigumu. Nyanya na vitunguu naweka tangu mwanzo ili ladha iingie, chumvi siweki mpaka mwisho kwa sababu nimeambiwa inakaza maharage. Haya niliyonayo nilinunua mengi, yamekaa karibu mwaka kwenye kabati lililo juu ya jiko. Niweke magadi? Rafiki yangu ananishauri ninunue sufuria ya presha.

Jibu: Kwa maelezo yako naona makosa mawili yamekutana kwenye sufuria moja. La kwanza utalirekebisha leo hii. La pili, kusema kweli, limeshatokea na halirudi nyuma.

Nianze na nyanya. Seli za punje ya haragwe zimeshikanishwa na pektini, aina ya gundi. Haragwe huiva pale gundi hiyo inapoyeyuka kwenye maji ya moto na seli zikaachana. Ndipo unapohisi ule unga laini mdomoni. Asidi huifanya pektini iwe ngumu kuyeyuka. Kwa hiyo nyanya, ndimu, siki au ukwaju ukitia mwanzoni, umeyapa maharage kinga dhidi ya moto wako mwenyewe. Subiri punje ibonyee kabisa kati ya vidole viwili, halafu ndiyo utie nyanya na uache vitokote pamoja nusu saa. Ladha itaingia, tena vizuri zaidi, kwa sababu punje imeshafunguka. Vitunguu na saumu havina neno, weka muda wowote.

Kuhusu chumvi, waliokuambia wamekupa imani ya zamani isiyo na ukweli. Kinachokaza maharage ni kalsiamu na magnesiamu, madini yanayofunga nyuzi za pektini zishikane zaidi. Ndiyo maana maji yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika huchelewesha sana maharage. Chumvi ya kawaida ina sodiamu, na sodiamu hufanya kinyume: hung'oa sehemu ya kalsiamu kwenye ganda na kukaa mahali pake. Weka gramu 15 za chumvi, yaani takriban kijiko kikubwa kimoja cha chumvi laini, kwa kila lita ya maji ya kuloweka. Yaache saa 8 hadi 12 (kukiwa na joto kali yaweke kwenye friji, yasije yakaanza kuchacha), mwaga maji, suuza, kisha bandika kwa maji mapya. Ganda litalainika sambamba na ndani badala ya kupasuka mapema kama linavyokufanyia sasa. Na yakishachemka usiyaache yarukeruke sufuriani. Moto wa kutokota taratibu unatosha.

Sasa tuje kwenye kabati lako, maana nadhani hapo ndipo kwenye shida kubwa. Juu ya jiko pana joto, na kila unapopika pana mvuke. Ndani ya punje kuna fitati, ghala la fosforasi ambalo pia hushikilia kalsiamu na magnesiamu. Punje ikikaa miezi mingi kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi pamoja na unyevu, kimeng'enya huivunja fitati polepole, madini yale yanaachiwa, yanahamia kwenye pektini na kuikaza kutoka ndani. Haragwe la namna hiyo linaonekana zima, pengine rangi imekoza kidogo tu, lakini muda wa kupika unaongezeka sana na wakati mwingine haliivi sawasawa hata ufanyeje.

Ili usibahatishe, loweka konzi moja usiku, asubuhi zitazame punje. Zilizobaki ndogo, zinang'aa na ganda limenyooka kama jana yake, hazikunywa maji. Hilo ni ganda gumu, mara nyingi kwa sababu ya kukauka kupita kiasi, na dawa yake ni rahisi: zichemshe dakika 2, funika, ziache saa moja kwenye maji hayo hayo ya moto. Zilizovimba zikafikia karibu mara mbili ya uzito wa awali zimekunywa maji vizuri. Zipike bila nyanya, na baada ya saa mbili kata moja katikati kwa kisu. Ukiona duara jeupe lililokauka kama chaki katikati, tatizo ni uhifadhi. Kwa kuwa yako yanapasuka ganda, yaani maji yanaingia, sina shaka sana yako kundi hili la pili.

Kwa maharage hayo, magadi yanasaidia, ila mimi ningetumia bikabonati ya kupikia kwa sababu ni rahisi kuipima: robo kijiko cha chai kwa nusu kilo ya maharage makavu, isizidi. Huondoa asidi na kuilegeza pektini. Ukizidisha utapata ladha ya sabuni, ganda litachanikachanika, na vitamini B1 itaharibika. Kwa maharage mapya sioni haja yake.

Rafiki yako naye kakushauri vizuri. Sufuria ya presha hufikia karibu nyuzi 120, wakati ya kawaida haivuki 100. Ukiishi mwinukoni haifiki hata hapo, kwani kila mita 300 za mwinuko hupunguza takriban nyuzi 1. Usiijaze zaidi ya nusu, na tia kijiko cha mafuta, kwa sababu povu la maharage huweza kuziba tundu la mvuke.

Chombo ambacho sikushauri, kwa maharage mekundu hasa, ni sufuria ya umeme inayopika polepole kwa joto dogo. Maharage mekundu mabichi yana lektini, aina ya protini yenye sumu, inayoleta kutapika na kuharisha ndani ya saa chache, na joto lisilofika kuchemka haliiharibu. Ukitaka kuitumia, chemsha kwanza jikoni, yatokote barabara nusu saa, ndipo uyahamishie humo.

Yaliyobaki kabatini yapike yote wiki hii kwa presha na bikabonati, uyaponde yawe rojo; kwa kupondwa hata kiini kilichosalia hakisumbui sana. Mapya nunua ya kutosha mwezi mmoja au miwili tu, uyaweke kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana, mahali pakavu na pa baridi, mbali na jiko.