Vanila Ikigeuka Kahawia, Usikimbilie Kusema Feki

Juzi msomaji mmoja wa Nakuru ameniandikia kwa hasira. Marashi yake ya vanila, aliyoyanunua yakiwa meupe kama maji, sasa yana rangi ya chai ya rangi. Anataka kumwanika muuzaji mtandaoni. Dada yangu, subiri kwanza. Mimi wangu nilimwanika.

Ilikuwa 2021, hapa Kisumu. Chupa ile niliinunua kwa mshahara wangu wa kwanza, nikaiweka dirishani bafuni ili kila mgeni aione. Jua la alasiri hulipiga dirisha lile mpaka linapozama ziwani. Mwanzoni marashi yalinukia ndimu, halafu vanila laini kama ya aiskrimu. Miezi ikapita, ndimu ikafa. Nikijipuliza, kinachonipokea ni ukali kama wa vanishi, ndipo utamu mzito ufuate. Rangi ikawa ya asali, kisha kahawia. Nikamwandikia yule mama wa duka maneno ambayo sitayarudia, tena mahali ambapo wateja wake wote waliyaona. Alinijibu mara moja tu: "Mwanangu, uliiweka wapi?" Nikanyamaza.

Jibu lilikuwa ndani ya swali lake. Vanilini, kiini cha harufu ya vanila, hugeuka kahawia polepole ikipata hewa na mwanga, hata kwenye marashi halali ya bei ghali. Mafuta ya ndimu na machungwa huchoka mapema, na yakiharibika huleta ule ukali wa mwanzo. Vanilini ni nzito, hairuki upesi, kwa hiyo wenzake wepesi wakiondoka yenyewe ndiyo inayosikika. Vanila ni mtoto wa subira tangu shambani. Waulize wakulima wa Uganda, jirani zetu: ganda likichumwa bichi halina ile harufu, mpaka lichemshwe kidogo, lianikwe na kutunzwa miezi kadhaa.

Chupa ya pili niliiacha kwenye boksi lake, ndani ya kabati la nguo. Baada ya miaka miwili nikaivaa harusini Desemba iliyopita. Ilinukia sukari guru inayochemka, na tumbaku kavu kwa mbali. Shangazi watatu waliniuliza ninavaa nini. Watatu!

Kwa hiyo nisikilizeni. Boksini, kabatini, gizani. Si bafuni, si dirishani, si ndani ya gari lililoegeshwa juani. Jipulize kwenye ngozi, usubiri nusu saa kabla ya kuhukumu. Ukali ukiisha, marashi yako ni mazima. Ukali ukibaki mpaka mwisho, hapo yameharibika kweli. Yakishakuwa kahawia usiyapulize kwenye blauzi nyeupe, yataacha doa. Narudia: kabatini. Na kabla hujaliharibu jina la mtu anayelisha watoto kwa duka dogo, muulize kwanza kwa upole. Jina likichafuka halifuliki.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwomba msamaha, nikanunua chupa ya tatu. Aliifunga kwenye gazeti, akanirudishia chenji, hakusema neno.