Kiini hufa kwa keekee: majibu kwa wanaojenga boti za faiba

Barua nyingi safari hii zinauliza kuhusu kiini, yaani kile kinacholala katikati ya ngozi mbili za faiba. Nimejibu zile zenye faida kwa wengi. Wanaouliza bei, wamuulize muuzaji.

Fundi, nimepata povu jeupe, lile la maboksi ya samaki, bure kutoka hotelini. Naweza kulitia kwenye sitaha kwa rezini ya kawaida? (Nungwi)

Hapana. Rezini ya kawaida, yaani ile gundi ya poliesta ya kushikia faiba, ina kemikali iitwayo staireni, na staireni hulila povu hilo kama maji yanavyokula sukari. Swali hili hunijia kila mwezi na jibu halibadiliki. Asiyeamini akate kipande, akipake rezini, kisha arudi kukitazama akishamaliza chai. Epoksi, rezini ya aina nyengine, hailili, lakini hata ukimudu epoksi, povu lenyewe ni dhaifu, halifai kubeba miguu ya watu.

Najenga boti ya mita 7 ya kupeleka wageni Mnemba. Fundi mmoja anataka sitaha iwe na plaiwudi ndani, mwengine povu la PVC, lile gumu la plastiki. Nimfuate nani? (Matemwe)

Mfuate wa povu, kwa sharti.

Plaiwudi si adui. Ya bahari, yenye alama ya BS 1088 (kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya bahari), ikitiwa ikiwa kavu na kuzibwa pande zote, huishi miaka. Ila tunayoletewa mara nyingi ni ya nyumba, tena imeshalala mvua ya masika. Chukua kipande ukichemshe kwenye sufuria kwa saa nzima. Matabaka yakifunguka, kajengee banda la kuku.

Sitaha yangu ya kwanza niliitia plaiwudi nzuri kabisa, nikaifunika faiba juu na chini, nikaona nimemaliza. Kisha nikatoboa matundu manne ya kile chuma cha kufungia kamba na kukaza boliti kavukavu. Hazikupita kusi mbili, mguu ukawa unazama pale kama kwenye tope. Nilipoikata, mbao ilitoka kwa kijiko, nyeusi, inanuka. Matundu manne yaliila sitaha nzima ya mbele.

Sasa sikiliza sharti. Povu la PVC haliozi, na vijumba vyake vimefungwa, halinywi maji kama mbao. Watu wakisikia hivyo hutoboa ovyo. Lakini tundu likiachwa wazi, maji hutambaa baina ya povu na ngozi, na mawimbi yakiipiga sitaha kila siku, ngozi huachia. Utalikuta povu zima, na sitaha imekufa.

Kwa hiyo kila tundu litoboe kubwa kuliko boliti. Kwangua povu pembezoni kiasi cha sentimita 2, jaza rezini iliyokorogwa na nyuzi za faiba zilizokatwakatwa mpaka ishike kama uji mzito, iache ikaze, ndipo utie keekee tena katikati kwa kipimo cha boliti. Na pale unapojua tangu mwanzo kuwa patakaa nguzo za paa au chuma cha nanga, usiweke povu hata kidogo. Lichonge ukingo uteremke kama mteremko wa paa, ngozi mbili zikutane, pawe faiba tupu. Fundi anayekwambia silikoni inatosha, mpe ujira wake muagane.

Kwa nini nisizidishe mati tu, ile mikeka ya nyuzi za faiba, kuliko kununua povu? (Mkokotoni)

Kwa sababu ya uzito. Ukiigawa faiba ileile ngozi mbili na kuweka kiini katikati hata unene ukawa mara mbili, ukakamavu hupanda karibu mara 7, na uzito hauongezeki ila kidogo sana. Kuupata ukakamavu huo kwa mati peke yake utabeba rezini ya kuzamisha mfuko wako na boti yako pamoja.

Sisi wavuvi tunataka boti nyepesi. Chini pia tutie povu? (Kizimkazi)

Msitie. Hapa najua baadhi ya mafundi wenzangu watanikasirikia, kwa sababu vitabu vya wenzetu wa Ulaya vimejaa boti zenye kiini mpaka chini. Boti hizo hulala gatini. Zenu maji yakipwa zinakaa juu ya mwamba, na jioni watu kumi wanaziburuta kwenye changarawe. Ngozi ya nje ya boti yenye kiini ni nyembamba. Tumbawe moja linaitoboa, na mtu halioni lile tundu mpaka maji yameshaenea.

Chini ya mstari wa maji iwe faiba tupu, nene, yenye mkuku na mataruma. Ndani ya mataruma tieni povu lolote lisiloliwa na rezini, maana kazi yake pale ni kutoa umbo tu. Nguvu iko kwenye faiba iliyolifunika. Povu la PVC liwekeni ubavuni juu ya maji, na kwenye sitaha.

Povu la kilo 60, 80 au 130? (Chake Chake)

Hizo ni kilo kwa mita moja ya ujazo. La 80 kwa sitaha na ubavu. La 130 pale watu wanaporukia. Kwenye ubao wa nyuma unaobeba mashine usitie lolote kati ya hayo, boliti za mashine zitalibonyeza. Pale tia plaiwudi ya bahari iliyozibwa kila upande.

Nimeuziwa povu la manjano, naambiwa ni PVC. Nitajuaje? (Wete)

Lisugue kwa dole gumba. Likitoka unga, hilo ni poliurethani, la kujazia majokofu. Nami niliwahi kuuziwa hilohilo mjini kwa bei ya PVC, nikalitambua baada ya kulipa. Kwenye sitaha husagika chini ya ngozi kidogokidogo mpaka ngozi inaelea peke yake. Rangi si ushahidi, sugua kabla hujatoa pesa.

Sisi ni kikundi cha kinamama wa mwani. Mwani wa aina ya kottonii haustawi tena ufukweni, tunakwenda maji marefu. Fundi anasema atamimina povu chini ya sakafu ili boti isizame. Litatosha? (Jambiani)

Dada zangu, hili ndilo swali lililonikalisha usiku. Tupige hesabu. Boti ya faiba tupu ya kilo 300, ikijaa maji, inabakiwa na uzito wa kilo kama 100, kwa kuwa maji yanaibeba sehemu kubwa. Mashine tuseme 50. Kinamama sita walioshikilia ukingo, nao maji yanawabeba sehemu kubwa, tuseme 25 kila mmoja, ni 150. Jumla 300. Lita moja ya povu hubeba karibu kilo moja, basi zinatakiwa lita 300, na mimi nitataka 450. Magunia sikuyahesabu, hayo yatupwe kwanza.

Lakini kubwa kuliko kiasi ni pahala. Povu likiwa lote chini ya sakafu, boti ikijaa maji hupinduka, na ikishapinduka hukaa vivyo hivyo. Liwekwe juu, ubavuni pande zote mbili, na zaidi nyuma karibu na mashine.

Tena povu la kumimina hunywa maji miaka ikienda, na likishafungiwa ndani hakuna atakayejua. Mimi ningetaka madumu 23 ya lita 20, yaliyofungwa vizuri, yamekazwa kwa kamba na mbao chini ya ukingo. Mtayaona kila siku, na likivuja moja mnalibadilisha. Fundi akikataa, mwambieni aijaze maji boti ufukweni, mashine ikiwa nyuma, mbele ya macho yenu, kabla hamjamaliza kumlipa.

Mbao nyepesi ya balsa, inafaa kuwa kiini? (hakutaja anakotoka)

Ina nguvu kuliko povu la uzito mdogo, na huoza. Rudi kwenye jibu la Matemwe.

Nikipaka faiba juu ya povu asubuhi, kufika saa sita imejaa malengelenge. Rezini mbovu? (Mkoani)

Rezini haina kosa. Povu ukilikata, vijumba vya juu hufunguka na kushika hewa. Jua likipanda, hewa hutanuka na kusukuma ngozi ambayo bado ni mbichi. Paka kwanza rezini tupu juu ya povu uzibe vijumba, kisha anza mati alasiri, kivulini, joto likishuka. Na katalisti, ile dawa ya kukazisha rezini, upunguze: kwa joto letu, mililita 10 hadi 15 kwa kilo ya rezini zatosha, kwani povu halipitishi joto na faiba itajipika yenyewe. Malengelenge uliyonayo yakate kwa grainda, piga msasa, upake upya. Usiyafunike kwa rangi.