Muulize Fundi: Mota ya pampu imeungua, nikubali waya wa aluminiamu?

SWALI: Habari fundi. Nipo Kiboriloni hapa Moshi, nina pampu ya hosi moja ya kupandisha maji tanki la juu, juzi ikaanza kuunguruma bila kuzunguka, af ikatoa harufu ya kuungua. Nikaipeleka mjini, fundi akaifungua akasema koili zimekwisha na kuna bei mbili za kuwaindi (kuzungushia waya upya), ya kopa (shaba) na ya aluminiamu, ya aluminiamu ni nafuu sana na anasema kazi ni ileile. Ni kweli? *Mama wa Kiboriloni*

JIBU: Nzuri mama, pole na pampu. Si kweli, kama mota ilitoka kiwandani na kopa. Aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 61 tu ya kopa, kwa hiyo ili ibebe umeme uleule bila kuchemka waya lazima uwe mnene zaidi, na ile mifereji ya kwenye chuma cha mota imekatwa kwa kipimo cha kopa, waya mnene hauenei mle, sasa fundi anabaki na njia mbili na zote mbaya, aweke waya mwembamba unaochemka au apunguze raundi, yaani mizunguko ya waya kwenye koili.

Kupunguza raundi ndo kunaua mota nyingi. Raundi zikipungua mota inavuta umeme mwingi hata ikiwa haina mzigo, chuma kinajaa sumaku kupita uwezo wake, joto linapanda, vanishi ya waya (ile ngozi inayotenganisha waya na waya) inaungua na waya zinagusana. Zikizidi nazo mota inakosa nguvu, inazunguka lakini ikipewa mzigo inalegea. Ndo maana mi nasisitiza kila siku, koili siyo waya tu, koili ni idadi ya raundi na unene wa waya na chuma kilichozungushiwa, ukigusa kimoja umebadilisha mashine.

Kwa hiyo mwambie fundi unataka kopa, na asiing'oe ile ya zamani kwa pupa, ahesabu raundi za kila koili, akwangue vanishi apime unene kwa maikromita, aandike pembeni. Pampu yako ni ya fezi moja, umeme wa kawaida wa nyumbani, mle ndani kuna koili za kuendeshea na za kuanzishia, hizi za kuanzishia zinapita kwenye kapasita (kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka) na mara nyingi waya wake ni mwembamba zaidi, asije akafunga geji (unene) moja kote.

Rangi isikudanganye mama, kuna waya wa aluminiamu wenye vanishi ya kahawia unafanana kabisa na kopa. Kwangua kwa kisu, ukiona nyeupe ni aluminiamu. Kisha kata uangalie katikati pia maana kuna aluminiamu iliyovikwa kopa kwa juu. Uzito nao unasema, kopa ni nzito zaidi ya mara 3.

Na kabla hujalipa, muulize kilichounguza ni nini! Mota inayounguruma bila kuzunguka mara nyingi kapasita imekufa, au beringi imekamata, au umeme umeshuka sana, mota ikikwama hivyo inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida na dakika chache tu zinatosha kuiunguza. Ukiwaindi upya ukarudisha kapasita ileile mbovu unalipa mara mbili. Akishamaliza ahakikishe ameichovya kwenye vanishi na kuikausha vizuri kwa joto, bila hivyo waya zinatikisika na kusuguana, af mbele yako aiwashe ikiwa inapandisha maji, apime kwa klampu mita (kipimo cha umeme kinachobana waya), ampea zisizidi zilizoandikwa kwenye kibati cha mota.

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma umeme, naishi Ngarenaro. Transfoma, choki ya taa ya tyubu, koili ya plagi ya gari, zote ni waya wa kopa umezungushwa, mbona kila moja inafanya kazi yake? *Kijana wa Ngarenaro*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, swali zuri sana hili. Msingi ni alioonyesha Michael Faraday mwaka 1831, sumaku ikibadilika ndani ya koili, umeme unazaliwa. Transfoma ina koili mbili kwenye chuma kimoja, ukiweka raundi 2300 upande wa volti 230 na 120 upande wa pili unapata volti 12, ni hesabu ya uwiano tu. Choki ni koili moja, stata (kile kiswichi kidogo cha kuanzishia tyubu) ikikata inarusha volti kubwa kuwasha tyubu, ikishawaka inazuia umeme usipite kiasi. Koili ya plagi ni transfoma pia, ila upande wa pili una raundi kama mara 100, umeme wa betri ukikatwa ghafla sumaku inaanguka na volti zinaruka mpaka makumi ya maelfu, cheche inapiga. Kwenye kontakta, ile swichi inayoendeshwa kwa umeme, koili inavuta chuma kufunga swichi, basi. Na lile jiko la indaksheni lina koili bapa chini ya kioo, waya mwembamba mwingi uliosokotwa, inachemsha chuma cha sufuria yenyewe, ndo maana sufuria zetu za aluminiamu hazipati moto pale.

SWALI: Fundi, koili ya jiko la umeme imekatika, mume wangu anataka aunge kwa kipande cha waya wa kopa. Sawa? *Dada wa Sakina*

JIBU: Hapana dada, mzuie. Ile ya jiko siyo kopa, ni mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, ukinzani wake ni zaidi ya mara 60 ya kopa na unavumilia kuwa mwekundu kwa moto. Kopa kwenye joto lile inababuka haraka, pale kwenye kiungo patakuwa panapiga cheche mpaka pakatike tena, na waya ukining'inia ukagusa bodi ya jiko unashika sufuria unapigwa shoti. Nunueni koili mpya yenye wati zilezile zilizoandikwa kwenye jiko, na mchomoe plagi ukutani kabla ya kuifunga.